Siku Kumi na Moja za Sindano

Kila asubuhi, kabla mama hajaita mara ya tatu, Sindano alikuwa nyuma ya karakana ya shangazi yake akipiga mpira ukutani. Arobaini kwa mguu wa kulia, arobaini kwa mguu wa kushoto, kisha arobaini kwa kubadilishana. Rangi ya ukuta ule ilikuwa imebanduka na kuacha duara kubwa kama sinia. Ndani, shangazi alikuwa akikata vitambaa vya jezi, na ingawa hakuona kilichotendeka nje, hesabu yote ilikuwa kichwani mwake.

"Wa kushoto umefika thelathini na nane tu," alikuwa akisema kupitia dirisha. "Na huo wa mwisho umeupiga kwa kidole. Rudia."

Sindano alirudia huku akinung'unika chini kwa chini. Shangazi alimwambia kwamba mpira uliopigwa sawasawa hulia pu, na uliopigwa ovyo hulia pwa, na mtu aliyeusikia kwa miaka zaidi ya ishirini hahitaji macho.

Sindano lilikuwa jina la utani. Wachezaji wenzake walimpa kwa sababu ya wembamba wake, na kwa namna alivyopenya katikati ya mabeki wawili bila kuomba njia. Jina hilo lilimkaa hata walimu wakalizoea, na ni mama peke yake aliyeendelea kumwita kwa jina la kwenye cheti, hasa alipokuwa amekasirika.

Habari za shangazi zilijulikana mtaa mzima. Alianza kucheza winga wa kushoto katika timu ya wafanyakazi wa reli. Kutoka hapo akaenda ng'ambo, akacheza misimu minne katika klabu ya mji wenye baridi kali, ambako, kwa maelezo yake, kupiga mpira kichwa asubuhi kulikuwa kujitafutia mkosi. Klabu yake ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na huko alitwaa ubingwa mara mbili. Timu ya taifa aliichezea mechi hamsini na mbili, akafunga mabao kumi na tisa, hadi goti lilipogoma. Sasa alishona jezi na kubandika namba migongoni kwa pasi, na timu karibu zote za mji zilivaa kazi ya mikono yake.

Ndani ya karakana kulikuwa na picha iliyokatwa gazetini. Ilimwonyesha msichana mwembamba akikimbia na mikono juu, na chini yake iliandikwa kwamba huyo ndiye mchezaji mdogo kuliko wote kuifungia bao timu ya taifa, akiwa na miaka kumi na sita na siku arobaini. Sindano aliyajua maneno hayo kwa moyo. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne na nusu, na hakuficha mpango wake: rekodi ile angeivunja. Kila aliposema hivyo, shangazi aliinama kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika mkononi.

Jumatatu moja, baada ya mazoezi, Katibu wa timu yao ya wasichana aliwakusanya wachezaji karibu na goli. Katibu alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye simu mbili na kifungu cha funguo ambacho hakuna aliyejua kinafungua nini. Aliwaambia kwamba Jumamosi watakuja watu wa shirikisho la mpira kuchagua wachezaji wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minne. Kila mmoja alete cheti cha kuzaliwa. Wasichana waliruka na kukumbatiana. Pazia, golikipa wao, alimwinua Sindano juu kama mtoto mchanga. Pazia alipewa jina hilo kwa sababu, walisema, siku mbaya hufunguka mwenyewe, lakini siku nzuri hakuna anayeona ndani.

Furaha ya Sindano haikudumu. Katibu alimvuta kando.

"Binti, una tatizo dogo. Kanuni inataka mchezaji awe hajatimiza miaka kumi na minne ilipofika tarehe mosi Januari. Wewe ulitimiza Desemba, tarehe ishirini na moja. Umezidi siku kumi na moja."

Sindano alizihesabu siku hizo kwa vidole. "Kwa hiyo siruhusiwi?"

"Nani kasema? Siku kumi na moja ni kitu gani? Kuna watoto wanachelewa tumboni zaidi ya hapo." Katibu alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. Angempatia cheti kingine. Na kwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wasipunguze siku kumi na moja tu. Wapunguze miaka miwili mizima, imfae mbele ya safari. Kazi ya Sindano ingekuwa kuishika tarehe mpya kichwani. Mzazi atie sahihi kwenye fomu, mengine amwachie yeye.

"Na wakijua?"

"Watajuaje? Kama una wasiwasi, kamuulize shangazi yako. Mambo haya anayajua kuliko mimi."

Fomu ile ililala mezani jioni hiyo katikati ya sahani. Baba, aliyekuwa fundi baiskeli, aliitazama kama gurudumu lililopinda asilojua alinyooshee wapi. Mama alikuwa muuguzi na ndio kwanza alikuwa ametoka zamu. Alisoma mstari wa kwanza, akaisukuma mbali.

"Mtoto huyu nimemzaa mimi," alisema. "Tarehe ishirini na moja, saa kumi alfajiri, na mkunga alikuwa anasinzia. Leo mtu mwenye simu mbili aje kuniambia nilizaa miaka miwili baadaye? Na ile miaka miwili, mgongoni nilikuwa nimebeba nini? Mzigo wa kuni?"

Baba alicheka, kisha akajikohoza. Alisema kwamba nafasi kama hii haiji kila mwaka, na kwamba mtoto amefanya kazi. Sahihi ya mzazi mmoja ingetosha. Yeye hangemlazimisha mtu. Ila Sindano mwenyewe akimwomba, angetia. Mama alinyanyuka, akakusanya sahani na kuzitua kwenye beseni kwa kishindo.

Sindano alikuwa na swali jingine. Tangu utotoni alimsikia baba akimwita shangazi "mdogo wangu", na shangazi akimrushia chochote kilichokuwa karibu, iwe kitambaa au kiatu. Watoto wote wa ukoo walicheka, kwa sababu shangazi ndiye mkubwa. Sasa alimuuliza baba kwa nini huwa anasema vile.

Baba alitazama mlango. "Kwa karatasi zake, mimi ni kaka yake. Nimemzidi miaka miwili. Na ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni nikichoka njiani." Akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Kamuulize mwenyewe, mwanangu. Ni maneno yake, si yangu."

Asubuhi iliyofuata mpira haukulia ukutani. Shangazi alitoka nje, nyuzi zimemganda kwenye blauzi, akamkuta Sindano ameukalia.

"Leo ukuta umepewa likizo?"

"Shangazi, siku ile ya bao ulikuwa na miaka mingapi?"

Shangazi hakuinama kutafuta mkasi. Alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha goti lake bovu.

"Ishirini," alisema.

Kisha akasimulia, na hakujipendelea. Kiongozi mmoja wa timu ya reli ndiye aliyemwambia kwamba ng'ambo hawanunui mchezaji wa miaka ishirini asiyejulikana. Wanataka mtoto wa kumlea. Wakapunguza minne. Gazeti likaandika, watu wakashangilia, na klabu ya ng'ambo ikamchukua. Hakukana kwamba uongo ule ulimfungulia mlango. Lakini tangu siku hiyo hakuwahi kulala usingizi mzito. Alikuwa amemaliza sekondari kabla ya kwenda. Kwa umri wake mpya, angekuwa amemaliza akiwa na miaka kumi na miwili. Cheti cha shule ikabidi akifiche. Aliposimama kucheza na kutaka kusomea ukocha, walimwomba cheti cha shule pamoja na hati ya kusafiria.

"Vyeti vyangu havisalimiani," alisema. "Kimoja kikiingia ofisini, kingine lazima kibaki nje. Ndiyo maana nashona jezi za timu ambazo ningeweza kuzifundisha."

Lililomuuma zaidi lilikuwa jingine. Mwaka mmoja, timu ya taifa ilipokuwa hotelini kabla ya mechi, mwanamke mmoja alikuja mapokezi akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa rafiki yake wa dawati moja, walikula na kusoma pamoja miaka minne. Yule rafiki aliita kwa sauti ya furaha mbele ya waandishi wa habari, akisema huyu tulimaliza naye shule mwaka mmoja. Shangazi alimtazama usoni, akasema hamjui.

"Nilimkana. Alidhani nimelewa sifa. Sikuwa na sifa, nilikuwa na hofu. Mpaka leo sijui anaishi wapi."

Sindano alikuwa na hasira, na ilimpanda hadi machoni. "Miaka yote hii umenisikia nikisema nitaivunja rekodi yako. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa hiyo picha ile ni uongo."

"Bao lilikuwa la kweli, mwanangu. Lilipita mikononi mwa golikipa na nyavu zikatikisika. Umri ndio ulikuwa wa uongo, na umelitia doa bao." Shangazi aliukunja mkono wa blauzi na kuukunjua tena. "Kuhusu fomu yako, mimi sina mdomo wa kukukataza. Ningekuwa nao, ningeutumia."

Sindano aliondoka bila kuaga. Siku ile darasani hakusikia neno. Alikuwa akiifikiria miaka miwili ambayo Katibu alitaka kuikata kama kipande cha kitambaa kilichozidi. Katika miaka hiyo alivunjika mkono na ukaunga. Mguu wa kushoto, uliokuwa kama wa mbao, ulijifunza kupiga. Bibi yake alifariki, naye akatembea nyuma ya jeneza ameshikwa mkono na huyo huyo shangazi. Ilikuwa miaka yenye vitu ndani yake. Mtu akimwambia kwamba hakuiishi, amwambie pia kwamba bibi hakuwahi kufa na mguu haukuwahi kujifunza. Kengele ya mwisho ilipolia, hasira yake kwa shangazi ilikuwa imepungua, na hasira yake kwa Katibu ilikuwa imenona.

Mazoezini alimrudishia Katibu fomu ikiwa tupu, mbele ya wote.

"Sitapunguza umri," alisema.

Katibu alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwanza. Akamwita nyota, akamwita tegemeo la timu. Alipoona hapati kitu, sura ikabadilika. Akauliza kama anafikiri yeye ni bora kuliko wenzake, na kama anajua kwamba bila mfungaji timu nzima itaaibika Jumamosi. Sindano alijibu kwamba yeye si bora kuliko mtu yeyote, ila ana miaka kumi na minne na nusu, na hataki kuwa na mingine.

Hapo ndipo alipogundua kwamba wenzake hawamtazami. Wawili walikuwa wakikaza kamba za viatu zilizokwisha kukazwa. Pazia alikuwa ameukumbatia mpira kifuani. Baadaye, wakitoka uwanjani, Pazia alimfuata, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia.

"Umefikiria sisi? Mimi nimetimiza kumi na tano na nusu. Cheti changu kipya kinasema kumi na tatu. Wewe ukisimama kujifanya mtakatifu, watatuangalia sisi sote."

"Sijakutaja."

"Hujanitaja, lakini umewasha taa."

Tangu siku hiyo hadi Ijumaa hakuna aliyempa pasi. Alikimbia kwenye nafasi, akainua mkono, na mpira ukaenda upande mwingine kana kwamba pale alipo pana shimo. Mtu mmoja akaanza kumwita Mtakatifu, na wengine wakapokea. Ilimuuma, na usiku alilia akiwa amejifunika shuka, lakini asubuhi alikuwa ukutani: arobaini kulia, arobaini kushoto. Siku ya tatu sauti ilisikika dirishani, ikiwa ya chini na ya heshima, ikisema kwamba wa kushoto umekamilika. Sindano alijibu, "Asante, shangazi," na mambo kati yao yakawa yamekwisha.

Jumamosi uwanja ulijaa watu. Chini ya turubai kulikuwa na meza ndefu, na nyuma yake alikaa Msajili wa shirikisho, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, pamoja na daktari na makocha wawili. Sindano alikuwa amekuja kama mtazamaji, ingawa viatu vilikuwa mkobani. Hata yeye hakujua kwa nini amevibeba. Baba na mama walikaa kwenye jukwaa la mbao. Shangazi alifika na furushi la jezi alizokesha akizibandika namba.

Ghafla Msajili akasoma jina lake. Lile la kwenye cheti.

Sindano aliganda. Katibu alikuwa amepeleka fomu bila yeye kujua, na sahihi ya mzazi ilikuwepo, ila haikuwa ya baba wala ya mama. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri: mtoto akisimama mbele ya wakubwa kutoka shirikisho, umati ukimtazama na ndoto yake iko mezani, atameza mate na kuitikia.

Sindano alitembea hadi mezani.

"Umezaliwa tarehe tatu Machi?" Msajili alisoma cheti, akataja na mwaka.

"Hapana."

Katibu alijitokeza haraka akitabasamu. Alisema mtoto ameingiwa na woga, watoto wa siku hizi hata tarehe zao hawazijui.

"Sina woga," Sindano alisema, na kwa kuwa alikuwa nao, alilisema kwa nguvu zaidi. "Nimezaliwa tarehe ishirini na moja Desemba. Nina miaka kumi na minne na nusu. Hiyo karatasi ni ya mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa."

Minong'ono ilipita kwenye jukwaa. Mama alikuwa amesimama. Katibu alifuta jasho, kisha akamwona shangazi na furushi lake, na uso wake ukapata nuru.

"Muulizeni shangazi yake," alisema. "Huyu mnamfahamu wote, fahari ya taifa. Dada, waambie. Wewe unajua jinsi vyeti vinavyokwenda." Na akamkazia macho, kumkumbusha kwamba mwenye nyumba ya vioo hatupi mawe.

Msajili alisimama kumpa shangazi mkono, kwa heshima ya kweli. Alisema alipokuwa msichana aliikata picha ile ya gazeti akaibandika ndani ya kabati lake. Shangazi aliupokea mkono, akauachia. Ingetosha aseme tu kwamba hajui, na angerudi kwenye cherehani yake na sifa zake zote.

"Mtoto amesema kweli," alisema shangazi. "Nilikuwa mlangoni alipozaliwa. Na huyu anayetaka kuniumbua kwa mambo yangu asijisumbue, nitajiumbua mwenyewe. Siku nilipoifungia timu ya taifa bao la kwanza nilikuwa na miaka ishirini. Si kumi na sita. Andika hapo."

Msajili alivua miwani.

"Dada, unajua rekodi hiyo itafutwa?"

"Ifutwe. Imenikaba muda mrefu."

Baba, kule jukwaani, alianza kupiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha, kisha akaona haya ya kuacha, akaendelea. Watu wengine wachache wakamfuata. Wengine walizomea, kwa maana si kila mtu hupenda kuvunjiwa sanamu yake. Shangazi alisimama wima akawatazama hao wanaozomea mmoja mmoja, mpaka wakatafuta kitu kingine cha kutazama.

Kwenye foleni, Pazia alitoka hatua moja mbele. Alikuwa na machozi, na hasira pia, lakini alikiweka cheti chake mezani kifudifudi. "Na mimi sichezi na hiki," alisema. Wawili waliokuwa wakikaza kamba za viatu walimfuata. Katibu aliweka simu sikioni, ingawa haikuwa imelia, akaelekea kwenye lango akizungumza na hewa. Wiki ile ile wazazi walikutana wakachagua katibu mwingine, na shirikisho likaanza kuvichunguza vyeti vyote alivyowahi kuvipeleka.

Lakini hayo hayakumpa Sindano nafasi. Msajili alichukua rula, akalikata jina lake kwa mstari ulionyooka.

"Nimeuheshimu ukweli wako," alimwambia, "ila hauwezi kuziondoa siku kumi na moja. Timu ya chini ya miaka kumi na minne huingii."

"Siombi ziondolewe," Sindano alijibu. Upande wa pili wa uwanja, wasichana wa chini ya miaka kumi na saba walikuwa wakipasha misuli kwa majaribio yao ya mchana, warefu, wenye mapaja ya kazi. Akawaonyesha kwa kidole. "Naomba kucheza na wale."

Makocha waliangua kicheko. Mmoja alisema watamvunja kama njiti ya kiberiti. Sindano aliuliza kama kuna kanuni inayomkataza. Msajili alivaa miwani yake, akapekua kitabu chake kwa muda mrefu, bila shaka akiujua ukurasa tangu mwanzo.

"Hakuna," alisema. "Kanuni humzuia mkubwa kujificha kwa wadogo. Mdogo akitaka kupambana na wakubwa, hiyo ni shauri yake na miguu yake. Mzazi anakubali?"

Mama alikuwa ameshafika mezani. Alimtazama binti yake juu hadi chini, kama anavyotazama majeraha hospitalini, akatia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

Mchana, katika mechi ya majaribio, walimwingiza zikiwa zimebaki dakika ishirini. Mara ya kwanza alipogusa mpira, beki mmoja mrefu kama mlingoti alimpiga bega, akaanguka kifudifudi. Mara ya pili alianguka chali. Mara ya tatu aliinuka mdomo ukiwa na damu, na kocha akampungia mkono atoke.

"Sitoki," alisema, akapangusa mdomo kwa jezi.

Alikuwa ameelewa jambo: kwa mabavu hatawaweza, basi asiwape nafasi ya kumgusa. Mpira uliofuata hakuutuliza. Aliupokea kwa mguu wa kushoto na papo hapo akaupitisha katikati ya mabeki wawili, ukamkuta mshambuliaji mkubwa amebaki na golikipa. Bao. Dakika nne baadaye alirudia, na safari hii mpira ukagonga mwamba. Hakufunga hata bao moja siku ile, na beki mlingoti alimwangusha tena mara mbili kabla ya filimbi. Alipokuwa anamwinua mara ya mwisho alimuuliza ana miaka mingapi. Sindano alimwambia. Yule beki alitikisa kichwa, akamfuta majani mgongoni.

Kocha wa timu ile alikuja na sura ya mtu anayekubali kwa shingo upande. Alisema msichana huyu hayuko tayari, na atachukua mwaka au zaidi kuwa tayari. Kisha akasema aje kwenye kambi ya likizo afanye mazoezi na wengine. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Sindano alikaa kwenye nyasi na fomu ya kambi juu ya goti. Shangazi alikaa karibu naye kwa taabu, akanyoosha mguu mbovu, akaanza kumfunga kifundo kilichovimba kwa kipande cha kitambaa cha jezi.

"Shangazi, unajuta?" Sindano aliuliza.

"Najuta miaka ile, si leo." Alikaza fundo. "Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Nimeitembea miaka mingi, na hatua zote nilikuwa nikitazama nyuma kuona nani ananifuata. Sikiliza, mwanangu. Uongo unaweza kumpa mtu kiti, ila humnyima raha ya kukikalia. Ukweli unaweza kukunyima kiti leo, kama ulivyokunyima wewe asubuhi hii. Basi ukunyime. Utasimama, utatafuta kingine kwa jasho lako, na siku utakapokikalia hakuna atakayekuja kukuinua."

Sindano aliandika kila kitu mwenyewe, kwa herufi kubwa, na pale palipoulizwa tarehe ya kuzaliwa alikandamiza kalamu zaidi. Akachechemea hadi mezani. Msajili aliipokea fomu, akaisoma kwa sauti kama alivyowasomea wengine, tarehe na mwezi na mwaka, kisha akamtazama juu ya miwani akisubiri jibu.

"Ndiyo," Sindano alisema. "Huyo ndiye mimi."